Bei ya Kitanda cha Marehemu

Kiswahili kimeyaweka karibu maneno mawili yasiyo na nasaba moja. Samani limekuja na majahazi kutoka upande wa Uajemi na Bara Hindi, na huko kwao maana yake ni vitu, vyombo, mizigo ya nyumbani. Thamani ni la Kiarabu, nalo ni kima cha kitu, kile kinachotolewa badala yake. Mtu wa pwani huyatenganisha kwa ncha ya ulimi tu. Lakini ukivuka bahari ukashukia Dar es Salaam, ukaingia Kariakoo ambako watu wa kila kabila la bara wamekutana kutafuta riziki, utayasikia yote mawili yakitamkwa namna moja, na muuzaji akisema kitu chake "kina samani kubwa" msikilizaji hana budi amtazame usoni ili ajue kama anasifu mbao au anataja bei. Walimu wa lugha hulikemea kosa hilo. Wanunuzi wa vyombo vikuukuu hawalikemei. Riziki yao imo humo humo, katika mwanya mdogo uliopo baina ya samani na thamani yake.

Kariakoo yenyewe jina lake ni la wachukuzi. Waingereza walipoutwaa mji wa Dar es Salaam kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916, waliwaweka hapo wapagazi wa jeshi lao, na jina la kikosi hicho kwa lugha yao, Carrier Corps, likalainishwa na ndimi za wenyeji mpaka likawa hili tulijualo. Baadaye viwanja vikajaa nyumba za Kiswahili: baraza mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu kila upande, na uwani nyuma. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja au viwili, vilivyobaki akapangisha. Msomaji aliyezoea Mji Mkongwe, ambako kitanda aghalabu hurithiwa pamoja na chumba chake, pengine hatafahamu upesi kwa nini vitanda vya Kariakoo hutolewa nje. Sababu ni kiwanja. Tangu biashara ilipofunguliwa milango mwishoni mwa karne iliyopita, ardhi iliyo chini ya nyumba ya Mtaa wa Kongo au Mtaa wa Sikukuu imekuwa na bei ambayo nyumba yenyewe haikupata kuiota. Mwenye nyumba akifa, warithi huuza, au huingia ubia na mwenye fedha, na nyumba ya chini hubomolewa ili liinuke ghorofa la maduka. Siku ya kubomoa, vyote vilivyokuwa ndani hupangwa barabarani.

Hapo ndipo huonekana mambo ambayo jirani wa miaka arobaini hakupata kuyaona. Makochi ambayo vitambaa vyake vya kufuma kwa mkono vimevuliwa, yakabaki uchi na majeraha yake. Kabati la vyombo lililokwisha vyombo. Kiti cha uvivu chenye mikono mirefu. Kitanda cha kamba ambacho watu wa bara na pwani wanakiita teremka tukaze, kwa kuwa kamba zake kila zikilegea mlalaji hana budi ateremke, zikazwe, ndipo apande tena. Jina ambalo bila shaka lilitungwa na aliyelala juu yake, si na aliyekiuza. Na mara mojamoja, kikiwa kimefunguliwa vipande na kuegemezwa ukutani, kitanda cha besera.

Upande wa pili wa viwanja vya Mnazi Mmoja, kule Uhindini, samani zilitoka nje kwa sababu nyingine. Sheria ya kutwaa majengo ya mwaka 1971 iliyachukua majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba. Wenye majumba hayo wengi wao walikuwa na asili ya Kihindi, na katika miaka iliyofuata wengi walihamia Uingereza na Kanada. Bangili na pete huingia mfukoni. Kabati la msaji la futi saba haliingii. Ndiyo maana nyumba ya Magomeni au Ilala yaweza kuwa na kabati la namna hiyo, na mwenyewe akakwambia kuwa babu yake alilipata kwa bei ya bure. Bei ya bure ni msamiati wa mnunuzi. Muuzaji hakuiita hivyo.

Basi mkadiriaji huanzia wapi? Asiyejua hudhani huanzia kwenye mbao. Mkadiriaji wa Kariakoo huanza kwa kutazama barabarani: tingatinga limekwisha fika? Wenye mali wamesimama au wamekaa? Kuna mvua inayotaka kunyesha? Samani iliyo ndani ya nyumba ina bei moja, na samani hiyohiyo iliyo kando ya njia saa kumi ya jioni, wingu likiwa limetanda, ina nyingine, ilhali mbao zake hazikubadilika hata chembe. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini wahenga hawakuona kitanda kizuri kikitembezwa juu ya mkokoteni kutoka Mtaa wa Swahili mpaka Mtaa wa Livingstone kwa sababu tu jua linakuchwa.

Akishajua haraka ya wenye mali, ndipo huja kwenye mbao, na hapo, kama kweli ni mjuzi, inafaa kumwangalia. Hunyanyua pembe moja ya kitu kabla hajakisifu wala kukitia ila. Uzito humwambia nusu ya habari. Kisha huinama akatazama chini, kwani upande wa chini wa meza haudanganyi; hakuna aliyeona haja ya kuupaka rangi. Huko ndiko mninga huonyesha hudhurungi yake yenye michirizi, na mkongo wekundu wake. Mvule huwa umehama kutoka manjano hadi kahawia kwa kukaa kwake. Msaji una mafuta yake ya asili, mchwa hawaupendi, na ukikwanguliwa kidogo hutoa harufu kama ya ngozi kuukuu. Mpingo hauhitaji kukwanguliwa: kipande chake kikitiwa ndani ya ndoo ya maji huzama. Na huko chini ndiko hufichuka paini ya Sao Hill iliyopakwa rangi ya mninga kwa juu, au ile mbao ya siku hizi iliyo vumbi la mbao lililogandishwa kwa gundi na kufunikwa karatasi yenye picha ya mti. Hii ya mwisho maji yakiigusa huvimba kama mkate uliodondokea chaini, na mkadiriaji hata haiinamii.

Baada ya hapo huvuta mtoto wa meza. Lugha yetu imeliita droo mtoto wa meza, na kama ilivyo kwa wanadamu, atakaye kujua habari za mzazi humshika mtoto. Pembe za ndani za droo zikiwa zimeumana kwa meno yaliyokatwa na mkono, meno ambayo hayalingani sawasawa, hiyo ni kazi ya seremala aliyekuwa na muda. Zikiwa zimepigwa misumari, ni kazi ya seremala aliyekuwa na njaa. Wote wawili walikuwa mafundi. Mnunuzi hununua muda wa yule wa kwanza.

Kisha wadudu. Matundu ya fukusi yaliyo meusi na makavu ni ya zamani, hayana neno. Yenye unga mweupe mdomoni yana mwenyewe ndani, naye bado anakula. Kunguni ni balaa zaidi. Wao hukaa kwenye maungio na katika matundu ya kupitishia kamba, na alama zao ni vidoto vyeusi ambavyo macho ya mzoefu huvitambua kwa mbali. Kitanda chenye vidoto hivyo bei yake huanguka papo hapo, hata kama ni msaji wa tangu enzi ya Sultani, kwa kuwa atakayekinunua atalazimika kukimwagia maji ya moto na kukianika juani siku kadhaa huku majirani wakimtazama. Mkadiriaji muungwana halitamki neno kunguni mbele ya watu. Hupangusa kidole chake kwenye suruali, akatikisa kichwa, akataja bei ya chini, na mwenye mali akafahamu. Ni sitara ya aina yake, na pengine ndiyo nukta pekee katika biashara hii yote ambapo mnunuzi humhurumia muuzaji.

Kuhusu mng'aro, wanunuzi wamegawanyika mafungu mawili ambayo hayataafikiana. Yule anayetafuta chombo cha kutumia hutaka king'ae, na kwa ajili yake muuzaji hupiga msasa na vanishi mpya usiku kucha. Yule anayetafuta kitu cha kale hutaka kisiguswe, kwani kila alichokwangua msasa ni miaka iliyomwagwa chini. Hapa pana jambo la kuwafaa watu wa visiwani kulikumbuka: vanishi iliyong'arisha samani za Ulaya na Marekani katika karne ya 19 ilipikwa kwa sandarusi, na sandarusi iliyosifiwa kuliko zote ilichimbwa Mrima na kupita katika forodha ya Unguja. Tulipeleka mng'aro, tukaletewa vioo.

Makasha ya njumu za shaba yamekwisha kusemwa mno, hayahitaji maneno mengi. Wauzaji huyaita la Surat, la Bombay, la Shirazi, na majina hayo yalikuwa na maana. Lakini makasha mapya yanachongwa kila siku kwa ajili ya wageni, na mengine huzeeshwa kwa makusudi. Mtu akikuambia bila kuulizwa kuwa kasha lake lina miaka mia mbili, tazama kichwa cha parafujo za bawaba zake.

Kitanda cha besera ndicho chenye mengi. Kina lugha yake peke yake. Miguu yake ni matendegu. Mbao ndefu za ubavuni ni mifumbati. Zile fupi zinazoiunga ni vitakizo. Upande wa kulaza kichwa ni mchago. Juu ya matendegu hupanda nguzo nne zilizokerezwa, na juu ya nguzo ndiyo besera yenyewe, dari ndogo inayobeba chandarua. Kijana wa Kariakoo anayeuza magodoro ya sponji hayajui maneno haya, wala hana haja nayo. Kwake kila kitanda ni tano kwa sita au sita kwa sita, kwa futi, na kitanda ambacho hakikubali godoro lake si kitanda. Hapo ndipo besera hupoteza sehemu kubwa ya bei yake. Vipimo vyake ni vya seremala aliyempima mtu, si aliyepima godoro. Nguzo zake zilitengenezwa kwa chumba kisicho dari, chenye paa lililo juu, na ghorofa jipya lina dari inayokaribia kuguswa kwa mkono. Ngazi za ghorofa hilo zina kona ambayo mfumbati wa futi saba hauizunguki. Na mchukuzi lazima alipwe: wa mkokoteni, wa guta, au mwenye kirikuu, na hawa hawakadirii mbao, wanakadiria mwendo na jasho. Yapo makabati Kariakoo ambayo yamekaa mahali pamoja miaka mingi kwa sababu moja tu, kwamba gharama ya kuyahamisha imezidi kile ambacho mtu angetoa kuyapata.

Sheria nayo haikukisaidia kitanda. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, inayotumika Tanzania Bara, inautaja waziwazi mlango wa mbao uliochongwa kabla ya mwaka 1940, na mlango huo ukalindwa. Mlango uliofunguliwa asubuhi na kufungwa usiku umepewa tarehe na kinga. Kitanda kilichokuwa nyuma ya mlango huo, ambacho juu yake watu walizaliwa na wakafa, hakikutajwa kwa jina namna hiyo. Wahenga wetu walishaonya kuwa nyumba njema si mlango.

Lakini bei ya barabarani, pamoja na ukatili wake wote, ni jambo jepesi. Anayeuza anajua anauza, anayenunua anajua ananunua. Uzito huja pale samani inapokadiriwa bila kuuzwa, katika mirathi.

Msimamizi wa mirathi hutakiwa aandike orodha ya mali na madeni ya marehemu, na kila kilicho katika orodha hakina budi kuwa na kima. Kiwanja kina mthamini mwenye cheti. Fedha za benki zina karatasi. Samani zina macho ya watu. Na mara nyingi macho hayo hutazama upesi, kwa sababu mbele ya kiwanja cha Kariakoo vyombo vya ndani huonekana kama makapi, na warithi huona haya kubishana juu ya kabati. Tuchukue mfano wa hesabu tu. Marehemu ameacha mjane mmoja, watoto wa kiume wawili na binti mmoja. Wazazi wake wametangulia, na hana deni. Samani zote zimekadiriwa shilingi 1,600,000. Mjane, maadamu kuna watoto, ana thumni, yaani shilingi 200,000. Zinazobaki, 1,400,000, hugawanywa mafungu matano: kila kijana mafungu mawili, 560,000, binti fungu moja, 280,000. Sasa aje mkadiriaji mwenye haraka, au aliyenong'onezwa, aseme vyote pamoja havizidi 400,000. Mjane atapata 50,000, binti 70,000, na kila kijana 140,000. Kanuni ni ileile ya Surat An-Nisaa, mafungu hayakupindishwa hata kidogo, na shehe aliyesimamia atalala usingizi wake. Hata hivyo mjane amepunjwa, kwa kuwa dhuluma iliingia kabla hesabu haijaanza.

Nayo huingia kwa mlango mmoja unaojulikana. Anayesema kitanda hakina bei, aghalabu ndiye huyo huyo atakayekichukua. Hukipokea kama sehemu ya fungu lake kwa shilingi elfu hamsini, kisha mwezi haujaisha akakiuza kwa mgeni anayepamba hoteli kwa mara nyingi zaidi. Wazee wenye busara walikuwa na dawa: anayekadiria asichukue, na anayechukua asikadirie. Au waliwauliza warithi wote, mmoja mmoja, nani atakitwaa kwa bei hiyo iliyotajwa. Na palipotokea wawili, ilijulikana papo hapo kuwa bei ilikuwa ya uongo. Dawa hiyo haikuandikwa katika kanuni yoyote ya mahakama, lakini msimamizi mwadilifu hana njia iliyo bora kuliko hiyo.

Tena liko swali ambalo lingepasa kuulizwa kabla ya yote, nalo haliulizwi: kitanda hiki ni cha nani? Unguja si ajabu mahari kutajwa kwa kitanda, kabati na godoro, pamoja na fedha au badala yake, na familia nyingi za Kariakoo asili yao ni huku visiwani na Mrima. Kitanda kilichotolewa kuwa mahari ni milki ya mke tangu siku ya ndoa. Hakimo katika mirathi. Hakigawanywi thumni wala mafungu. Na kama mahari yaliahidiwa yasitolewe, ni deni, na deni hulipwa kabla warithi hawajanyosha mikono. Ikiwa yaliandikwa katika cheti cha ndoa, na cheti kimesalimika na mchwa, jambo limekwisha. Ikiwa hayakuandikwa, mashahidi wake ni wazee waliokula pilau siku hiyo, na wengi wao wako makaburini Kisutu. Hapo mjane husimama peke yake mbele ya watoto aliowazaa yeye, au aliowazaa mwenzie, adai kitanda anachokilalia. Na desturi yetu humwambia mwanamke kuwa kudai wakati wa msiba ni kukosa haya.

Lakini hata kusimama kwenyewe hasimami, yumo edani. Miezi minne na siku kumi hatoki ila kwa dharura, wala haingii kwake mwanamume asiye maharimu yake. Kwa hiyo hutokea mkadiriaji akakikadiria kitanda kutoka ukumbini, kwa maelezo ya vijana, huku mwenye kukilalia akiwa upande wa pili wa pazia akisikia kila neno. Asikiapo "kimechoka", anajua kuwa yeye ndiye aliyezibadili kamba zake, ndiye aliyepangusa nguzo kila Ijumaa, ndiye aliyeweka makopo ya mafuta ya taa chini ya matendegu ili mchwa na sisimizi wasipande. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika mali iliyochumwa na wanandoa. Shauri lile lilikuwa la talaka, na Bi Hawa mwenyewe hakuondoka na alichokiomba. Ila neno lilikwisha kutamkwa na mahakama ya juu kabisa nchini. Kutoka hapo mpaka ukumbi wa nyumba ya Kariakoo bado pana safari ndefu.

Miaka hii umezuka ukadiriaji mwingine, ambao haungoji mtu afe. Ni ule wa mikopo ambayo wananchi wenyewe wameipa jina la kausha damu. Mama lishe anataka mtaji wa mchele na mkaa, benki haimjui, mkopeshaji wa mtaani anamjua. Dhamana ni vyombo vya ndani. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliwataka wakopeshaji wawe na leseni, lakini kochi halijui kama aliyelibeba ana leseni. Kitu kinachostahili kutazamwa hapa ni bei. Kochi lilelile lina bei tatu ndani ya miezi michache. Siku ya kukopa hukadiriwa vizuri, ili deni lipate kukubaliwa. Siku ya kushindwa kulipa hukadiriwa vibaya, ili lisitoshe kulifuta deni, na jokofu na kitanda vifuate. Siku ya kuuzwa hukadiriwa vizuri tena, mbele ya mnunuzi mwingine. Mwenye kochi alikuwepo siku mbili za mwanzo; ya tatu hakualikwa.

Fasihi ilikwisha kupita njia hii kabla ya wanasheria. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyepata Tuzo ya Nobeli mwaka 2021, alimfanya mhusika wake mkuu katika riwaya ya By the Sea, iliyotoka mwaka 2001, kuwa mfanyabiashara wa samani. Saleh Omar hujua kutazama meza au kasha akajua linakotoka na litakakokwenda. Katika kisa chake nyumba ya watu inapotea kwa sababu ya deni lililowekewa dhamana, na vilivyomo ndani vinakwenda pamoja nayo. Na ndani ya hivyo imo meza ndogo ya mpingo, ambayo mtoto wa nyumba ile anatumwa kwenda kuiomba irudishwe, naye Saleh Omar anakataa. Haki yake ya kisheria ilikuwa timamu. Miaka mingi baadaye, wakiwa wote wawili ugenini Uingereza, bado meza ile imesimama baina yao. Wasomaji wengi huisoma riwaya hiyo kama habari za ukimbizi, na si makosa. Lakini yeyote aliyepata kuona vyombo vya ndani vikitolewa mbele ya wenyewe ataanza kuisoma kutoka kwenye meza.

Hata hivyo vitanda vingi vya besera vinavyotoka Kariakoo havimkuti mgeni wa hoteli wala mtu wa riwaya. Visipopata wa kuvilalia huvuka Msimbazi na Gerezani vikapelekwa Keko, kwa maseremala, na huko hununuliwa kama mbao. Fundi haulizi kilitoka kwa nani. Hutoa futi yake akapima. Nguzo zilizokerezwa hazina urefu ulionyooka wa kutosha kitu, na ubao wa mchago uliochongwa maua ukipigwa randa hubaki mwembamba kama kifuniko cha sanduku. Vyote hivyo huwekwa kando. Mifumbati miwili, mininga mitupu iliyokauka kwa miaka mingi kiasi kwamba haitapinda tena, ndiyo inayohesabiwa, kwa futi, na bei huandikwa kwa penseli juu ya mbao yenyewe.